Piramidi Hazikuzuka Zikiwa Tayari: Dhana Ninazokutana Nazo Kila Safari, na Ukweli Wake

Safari iliyopita, ndani ya basi tukitoka Giza, mzee mmoja wa kikundi changu alisubiri wenzake wanyamaze, kisha akaniuliza: "Mwalimu, tuambie kweli. Watu wale walipata wapi ujuzi wa kujenga kitu kama kile ghafla tu, bila kujifunza popote?" Aliuliza kwa nia safi, nami nilimjibu kwa heshima. Lakini swali hilo nimeshalisikia kwa wageni wa Mombasa, wa Dar, wa Kigali na wa Muscat, na kila mara jibu lipo Saqqara, chini ya saa moja kwa gari kutoka pale tulipo, mahali ambapo ratiba yao haifiki. Wengi hurudi nyumbani wakiwa wameona piramidi ya Khufu, ngamia na duka la manukato, halafu wanaamini habari za viumbe kutoka angani. Hilo linaniumiza kuliko uongo mwingine wowote kuhusu Misri, kwa hiyo nitalikalia zaidi.

"Zilitokea ghafla, zikiwa kamilifu"

Anayeanza na Khufu ni kama mtu aliyeonyeshwa jahazi bila kuwahi kuona mtumbwi wala ngalawa. Lazima ashangae. Tuanze basi na mtumbwi.

Kabla ya piramidi, wakubwa wa Misri walizikwa chini ya mastaba, jengo la mstatili lenye paa bapa, lililojengwa kwa matofali mabichi ya udongo. Neno lenyewe ni la Kiarabu, na maana yake ni lile benchi linalojengwa nje ya nyumba. Mtu wa Lamu au Unguja angeliita baraza. Huko Abydos mfalme Khasekhemwy, aliyemtangulia mfalme Djoser tutakayemfikia sasa hivi, alijenga ua mkubwa wa matofali hayo, uitwao leo Shunet el-Zebib, na kuta zake bado zimesimama. Ndiyo shule waliyotoka mafundi wetu: udongo, matete na miti.

Karibu mwaka 2650 KK mfalme Djoser, ambaye watu wa zama zake walimwandika kwa jina la Netjerikhet, akajengewa kaburi Saqqara. Lilianza kama mastaba ya mraba, kila upande kama mita 63, kimo chake mita 8 hivi. Tofauti ni kwamba hii ilijengwa kwa mawe. Baadaye wakaiongezea ganda pande zote. Wakaivuta tena upande wa mashariki ili ifunike mashimo 11 ya makaburi ya jamaa wa mfalme. Hapo ndipo wakaamua kupanda juu: vidato vinne, kimoja mgongoni mwa kingine. Hawakuridhika. Wakapanua msingi, vidato vikawa sita, na kimo kikafika kama mita 60.

Haya si maneno ya vitabuni tu. Kwenye kona ya kusini-mashariki, pale ganda la nje lilipotoka, unaiona ile mastaba ya kwanza ikitokeza ndani ya piramidi, kama rangi ya zamani inavyochungulia ukutani rangi mpya inapobanduka. Nikiwafikisha wageni hapo huwa sisemi neno kwa dakika mbili tatu. Nawaacha waangalie.

Kisha natazama nao mawe yenyewe. Ya mwanzo ni madogo, ya kubebeka, yamepangwa kama matofali, maana mikono iliyoyapanga ilizoea matofali. Kazi ilivyoendelea mawe yakawa makubwa zaidi, kwa kuwa mafundi walikuwa wanazidi kulielewa jiwe. Pita sasa kwenye lango. Kuna ukumbi mrefu wenye nguzo 40 zilizochongwa kama matita ya matete, na kila nguzo imeunganishwa na ukuta kwa kipande cha jengo, kwa sababu waashi hawa walikuwa hawajathubutu kuiacha nguzo ya mawe isimame peke yake. Inua macho: dari ni ya jiwe, lakini imechongwa mviringo kama magogo ya mitende yaliyolazwa sambamba. Aliyelala chini ya dari ya boriti kwenye nyumba ya kale ya pwani ataelewa mara moja wanachoiga. Na pale mlangoni, ubao wa mlango umechongwa kwa jiwe ukiwa umefunguliwa, mlango usioweza kufungwa kamwe. Hawa ni watu wanaoandika kwa lugha mpya huku wakifikiri kwa lugha ya zamani. Aliyeshuka na ujuzi wote kutoka angani angeigaje matete?

Tena mwenye kazi tunamjua kwa jina. Kwenye kitako cha sanamu ya Djoser kilichopatikana hapohapo Saqqara limeandikwa jina la Imhotep pamoja na vyeo vyake: mtunza muhuri wa mfalme, kuhani mkuu wa Heliopolis, mji wa ibada ya jua. Alikuwa mtu wa serikali, mwenye ofisi na bosi.

Baada ya Djoser hawakupaa moja kwa moja hadi Giza. Sekhemkhet alipangiwa piramidi kubwa kuliko ya mtangulizi wake, ikaachwa ikiwa na kimo cha mita chache. Ikafuata Meidum, na hapa ndipo ninapopenda kukaa. Ilijengwa kwa vidato saba, ikaongezwa vikawa vinane, kisha katika zama za mfalme Sneferu wakajaribu jambo ambalo halijafanywa: kujaza vidato ili pande ziwe laini. Lile jazo likawekwa juu ya mchanga badala ya mwamba, na likaegemezwa kwenye kuta zilizokwisha kusuguliwa zikawa laini, bila kushikana nazo vizuri. Likaporomoka. Wataalamu wanabishana ni lini, lakini matokeo unayaona: mnara wa mraba uliosimama katikati ya kilima cha kifusi. Wenyeji huiita kwa Kiarabu piramidi ya uongo. Kwangu mimi ndiyo inayosema kweli kuliko zote.

Sneferu huyohuyo akahamia Dahshur. Piramidi yake ya kwanza hapo waliianza kwa mteremko mkali mno, juu ya ardhi isiyo imara. Nyufa zikatokea ndani. Ukiingia leo utakuta magogo ya mierezi yamekazwa kwenye chumba cha juu tangu zama hizo. Walipofika kama mita 47 juu, wakapunguza pembe kutoka digrii 54 hivi hadi 43, ndiyo maana piramidi hii inaonekana imepinda mabega. Mkosaji huyu hakukata tamaa. Akajenga ya tatu jirani yake, Piramidi Nyekundu, kwa digrii 43 tangu chini hadi juu, na ikasimama mita 105 ikiwa na pande laini nne. Ndiyo piramidi kamili ya kwanza kukamilika. Mwanawe, Khufu, aliwarithi mafundi waliopitia hayo yote, ndipo wakarudi kwenye mteremko wa karibu digrii 52, uleule uliojaribiwa Meidum, wakafika mita 146.

Kati ya Djoser na Khufu ni kama miaka 100. Babu aliyebeba jiwe dogo Saqqara angeweza kuwa na kitukuu kwenye mteremko wa Giza. Nimemweleza mzee wangu hivyo, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe walikosea kwanza." Ndiyo, baba. Walikosea hadharani, kwa mawe, na makosa yao bado yapo tuyaangalie.

"Wana wa Israeli ndio waliozijenga"

Hili hutoka zaidi kwa vikundi vya hija, na nalijibu kwa upole kwa sababu linagusa imani. Fungueni Kitabu cha Kutoka, sura ya 1. Miji inayotajwa ni Pithomu na Ramesesi, na kazi ni ya chokaa na matofali. Piramidi hazitajwi. Wafalme wa kwanza wenye jina la Ramses walitawala zaidi ya miaka 1,300 baada ya Djoser. Ndugu zangu Waislamu nao hunikumbusha Firauni alivyomwamuru Hamana amjengee mnara. Nao ni wa udongo uliochomwa, wakati piramidi hizi ni za mawe. Hakuna andiko linalovunjwa kwa kusema ukweli huu.

Na habari ya makundi ya watumwa chini ya mijeledi? Mwaka 2013 huko Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, zilipatikana hati za mafunjo za zama za Khufu. Mmoja wa walioziandika ni Merer, msimamizi wa kikosi cha watu kama 40, anayeorodhesha siku kwa siku safari za mashua kubeba mawe ya chokaa kutoka machimbo ya Tura hadi Giza. Kusini mwa Giza yamefukuliwa makazi ya wafanyakazi pamoja na maeneo ya kuokea mikate, na makaburi yao yana mifupa iliyovunjika ikaungwa vizuri. Walitibiwa, na wakazikwa kwa heshima karibu na piramidi ya mfalme wao. Kazi ilikuwa ngumu, na wengi naamini waliitwa bila kuulizwa kama wanataka. Lakini hao hawakuwa mifugo.

"Za Sudan ndizo za kwanza"

Hapana. Piramidi za Nuri na Meroe ni fahari kubwa ya Kush, ufalme wa kale wa Sudan, na kwa idadi zinazishinda za Misri, ila za mwanzo kabisa huko zimekuja karibu miaka 2,000 baada ya Djoser. Zipendeni kwa ukweli wake.

"Kila piramidi ni kaburi lenye dhahabu"

Sanduku la jiwe la kuwekea maiti ya Sekhemkhet, yule aliyemfuata Djoser, lilikutwa limefungwa, halijaguswa. Lilipofunguliwa mwaka 1954 halikuwa na kitu. Na kuna piramidi ndogo za vidato, kuanzia Seila hadi kisiwa cha Elephantine, ambazo hazina hata chumba cha maiti. Hizo nitazirudia.

"Mawe hayafi, zimeshakaa miaka 4,600"

Dhana hii inaifuata ile ya kwanza kwa kunikera, kwa sababu ndiyo inayomfanya mtu aegemee ukuta, apande jiwe apige picha, achonge jina lake kwa funguo. Nilimkuta kijana wa kikundi changu mwenyewe akifanya hivyo, ameshafika herufi ya tatu. Akaniambia, "Mwalimu, hili jiwe litakuwepo tu." Jiwe la chokaa ni laini. Hunyonya unyevu, unyevu huyeyusha chumvi iliyomo ndani, na chumvi ikikauka juu hubandua uso wa jiwe kama magamba. Ndani ya Piramidi Kuu, ile ya Khufu, kila mgeni huacha takriban gramu 20 za maji kwa pumzi na jasho lake. Zidisha kwa maelfu ya watu. Ndiyo maana mamlaka hufunga baadhi ya piramidi kwa zamu, na mnaolalamika mlangoni mnalalamikia dawa.

Binadamu amezidhuru kuliko upepo. Mawe laini ya nje ya Giza yalibebwa kujenga Cairo. Mwaka 1196 al-Aziz Uthman, mwana wa Salahuddin, alitaka kuibomoa kabisa piramidi ya Menkaure, ile ndogo kati ya tatu kuu za Giza. Vibarua wake walihangaika miezi minane, wakaacha pengo upande wa kaskazini ambalo bado linaonekana. Halafu likaja tetemeko la Oktoba 1992. Piramidi ya Djoser ilitikiswa vibaya, na mawe ya dari juu ya shimo la kaburi yakawa yananing'inia. Ukarabati ulianza mwaka 2006, ukasimama mwaka 2011, ukaendelea tena, na wageni wakaruhusiwa kuingia Machi 2020. Dari ile ilizuiwa kwanza kwa mifuko maalumu ya hewa iliyojazwa taratibu chini ya mawe, kwa sababu hakuna fundi ambaye angethubutu kugonga kitu pale kabla haijatulizwa.

Wapo wanaotaka kinyume chake: zirudishiwe ganda, zing'ae kama mpya. Mwaka 2024 ulitangazwa mpango wa kuipandishia Menkaure mawe yake ya granaiti, na kamati ya wataalamu ikaukataa. Nilifurahi sana. Ukiifunika Djoser kwa mawe mapya, ile mastaba ya kwanza haitaonekana tena, na mimi sitakuwa na kitu cha kumwonyesha yule mzee.

Hofu yangu kubwa lakini ni zile ndogo. Karibu na Edfu, mji wa kusini mwa Misri, kuna piramidi ya vidato ya zama za mfalme Huni au Sneferu, iliyofika kama mita 13 na sasa imebaki kama mita 5. Wenyeji waliamini ni kaburi la shehe, na kijiji na makaburi ya siku hizi vinaisogelea. Haina tiketi, haina ngamia, haimo kwenye picha za kalenda, na ni mojawapo ya kurasa chache zilizobaki kati ya Djoser na Giza.

Mkija, mpangieni kiongozi wenu siku hivi: asubuhi mapema Saqqara kabla jua halijawa kali, mchana Dahshur, kisha kesho yake Giza. Mkiweza kupata siku ya tatu, nendeni Meidum. Vaeni viatu vya kufunga kwa kamba, bebeni tochi kwa ajili ya Piramidi Nyekundu kwa kuwa njia yake ni ndefu na mtainama, na mikono iwe mifukoni.