Je, wajua kwa nini paneli ya wati 300 huweza kuingiza wati 130 tu kwenye betri?

Tuseme mtu wa Goma ana minibasi aliyoitengenezea kitanda, taa na friji ndogo, ya kusafiria na kulala humo. Anashuka Birere, ananunua paneli ya wati 300, anaifunga juu ya paa. Betri yake ni ya volti 12. Saa sita mchana, jua kali, mita inaonyesha ampea 9.6 zikiingia kwenye betri yenye volti 13.5. Ukizidisha unapata wati 130. Paneli ni nzima, nyaya ni nzima. Wati 170 zimekwenda wapi?

Jibu linalotolewa na wengi ni kwamba zimeliwa na kidhibiti chaji, kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri, ambacho mafundi wa huku hukiita regulateri: eti kimepokea volti 31 za paneli, kikazikata hadi 13, na ziada kikaigeuza joto. Jibu hilo linaingia akilini haraka, lakini si kweli, na kulikanusha ni rahisi. Chuma cha kulehemu cha fundi redio kina wati 40 au 60, na kinayeyusha lehemu. Kama kidhibiti kidogo kinachoenea kiganjani kingekuwa kinachoma wati 170, plastiki yake ingeyeyuka kabla ya saa saba. Kiguse mchana huo: kina uvuguvugu tu.

Ukweli unashangaza zaidi. Kidhibiti cha bei nafuu, kile kilichoandikwa PWM, hakibadilishi volti hata kidogo. Ni swichi. Betri ikiwa haijajaa, swichi inabaki imewashwa na paneli inakuwa imeunganishwa na betri moja kwa moja. Hapo betri ndiyo inayotawala: inaivuta paneli ishuke hadi volti zake yenyewe. Na paneli ya jua ina tabia ya pekee. Ukiishusha volti, ampea zake haziongezeki kwa kiasi cha maana. Kwenye volti 31 inatoa ampea 9.5 hivi, na kwenye volti 13 inatoa karibu zilezile. Kwa hiyo zile wati 170 hazikupotea njiani, maana hazikuwahi kuwa umeme. Nguvu ya jua ambayo paneli haikuigeuza umeme ilibaki ndani ya kioo na seli kama joto, na paneli ikawa na joto kidogo zaidi ya ambavyo ingekuwa.

Njia nzuri ya kuelewa kidhibiti cha aina ya pili, MPPT, ni kumtazama kambista anayebadilisha dola na faranga kwenye meza yake ya barabarani. Chukua volti kuwa thamani ya noti moja, na ampea kuwa idadi ya noti zinazopita. Paneli inaleta noti za 31. Betri ni duka linalojua noti ya 13.5 tu. PWM ni mlinzi wa mlango wa duka: anafungua, noti zinapita, na kila inayopita inahesabiwa 13.5 hata kama ilikuwa na uwezo wa 31. MPPT ni kambista: anapokea noti kubwa chache, anatoa noti ndogo nyingi zenye jumla ileile, na anabaki na kamisheni ndogo, asilimia 3 hadi 7 hivi. Tena hatulii. Anapandisha volti kidogo, anapima, anashusha, anapima tena, akitafuta pale ambapo volti mara ampea ni nyingi kuliko kwingine. Wingu likipita juu ya volkano ya Nyiragongo na mwanga ukabadilika, anaanza kutafuta upya.

Kwa MPPT, paneli ileile inaweza kuingiza ampea 18 au 19. Bado si wati 300 kamili, kwa sababu namba hiyo ya nyuma ya paneli hupimwa seli zikiwa na nyuzi joto 25, na juani seli hupita 50 kwa urahisi. Paneli hupoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja inayozidi.

Je, PWM ni takataka basi? Hapana. Paneli zilizotengenezwa kwa ajili ya betri ya volti 12 zina seli 36 na hutoa nguvu kamili kwenye volti 18 hivi. Ya wati 100 ikipitia PWM huingiza wati 75, na kwenye joto kali volti 18 hizo hushuka kuelekea 15, kiasi kwamba MPPT inabaki na kidogo sana cha kuongeza. Anayeuliza dukani, “Papa, hii ya bei ndogo haitoshi?” huku akinunua paneli moja kama hiyo kwa ajili ya taa na simu, anastahili kujibiwa kwamba inatosha. Hasara iko kwa paneli za nyumba, zenye seli 60 au nusu-seli 120. Hizo zikiwekwa kwenye betri ya volti 12 kwa PWM, zaidi ya nusu ya pesa imeachwa juani.

Jihadhari na maandishi. Kuna vidhibiti vya PWM vilivyochapishwa MPPT kwenye kasha. Vipime kwa multimita wakati betri ina njaa na jua ni kali: ampea upande wa paneli, kisha ampea upande wa betri. Zikilingana huku paneli ikiwa ya volti 31, hicho si MPPT. Kambista wa kweli hutoa noti nyingi kuliko alizopokea.

Kuhusu paa, Goma iko chini ya nyuzi 2 kusini mwa ikweta, hivyo paneli iliyolala bapa haipotezi kitu cha kuhangaikia. Vumbi jeusi la barabara za lava ndilo la kufuta mara kwa mara. Paneli mbili zikiungwa kwa mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, volti hujumlishwa. Zikiungwa sambamba, ampea ndizo zinazojumlishwa. Mfululizo unataka hesabu makini. Paneli ya seli 60 isiyotoa umeme kwa kifaa chochote hufika volti 39. Mbili ni 78, salama kwa MPPT ya volti 100. Tatu ni 117, na hapo kidhibiti kinakufa. Baridi nayo hupandisha volti, kama asilimia 0.3 kwa kila nyuzi inayopungua chini ya 25, kwa hiyo asubuhi ya milimani ndiyo ya kuogopwa kuliko mchana. Wengi hushauri sambamba kwa sababu ya kivuli cha bidoni na mizigo ya kwenye keria. Mara nyingi ni ushauri mzuri, ila si sheria: paneli kubwa huwa na dayodi tatu, vipitishio vya umeme vya upande mmoja, zinazouwezesha umeme kuruka sehemu yenye kivuli, na ikitegemea kivuli kimeangukia wapi, mfululizo unaweza kushinda.

Waya kutoka kidhibiti hadi betri uwe mfupi na mnene. Ampea 19 kwenye waya wa milimita za mraba 2.5, wenye urefu wa mita 3 kwenda na 3 kurudi, hupoteza karibu volti 0.8, na kidhibiti hudhani betri imekaribia kujaa kumbe bado. Kwa milimita za mraba 10 hasara ni volti 0.2. Fyuzi ya ampea 30 ikae karibu kabisa na ncha chanya ya betri. Wakati wa kuunga, betri hutangulia kwenye kidhibiti, ili kiitambue kuwa ni ya volti 12, ndipo paneli zifuate. Wakati wa kufungua, paneli ndizo zinazotoka kwanza.