Sanduku limeandikwa hezi 40,000. Sikio lako je?

Visikizi tunavyovizungumzia hapa ni vile vidogo visivyo na waya, vinavyoingia ndani ya tundu la sikio na kurudi kwenye kasha lao kuchajiwa. Ukiviulizia madukani Digo Road, Mombasa, muuzaji huanza na tarakimu za sandukuni. Sisi tunaanza na sikio, kwa sababu ndilo linaloamua kama tarakimu hizo zina maana.

Binadamu husikia kuanzia wapi hadi wapi?

Hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde. Kijana mwenye masikio mazima husikia kuanzia hezi 20 hivi, mngurumo mzito unaohisiwa kifuani zaidi kuliko sikioni, hadi karibu hezi 20,000, mlio mwembamba mno. Chini ya hezi 20 ndovu wa Shimba Hills husemezana na sisi hatuna habari. Juu ya hezi 20,000, paka wa Mji wa Kale husikia hadi kupita hezi 60,000, ndiyo maana humgeukia panya ambaye wewe hukumsikia kabisa.

Upeo huo wa juu hushuka kwa umri. Wengi wakifika miaka 50 hawasikii tena zaidi ya hezi 12,000 hivi, na hawajui kwamba wamepoteza kitu, kwani karibu yote tunayoyahitaji ili kuelewana yako chini ya hezi 8,000. Taabu huanza hasara inaposhuka hadi kwenye herufi. Irabu kama a, o na u ziko chini na zina nguvu. S, f, sh na th ziko juu na ni hafifu. Mtu aliyepoteza usikivu wa milio ya juu husikia vizuri kwamba unasema, lakini "nimesikia" na "nimefikia" kwake huwa neno moja. Hapo ndipo anapolalamika kwamba watu wa siku hizi wanamumunya maneno.

Kwa hivyo vya hezi 40,000 ni bora kuliko vya 20,000?

La, usilipie hiyo. Hata sidii ya kawaida huchukua vipimo 44,100 vya sauti kwa sekunde, na kwa kanuni ya kurekodi haiwezi kubeba zaidi ya nusu yake, yaani hezi 22,050. Tena tarakimu tupu kama "20 hadi 20,000" haisemi lolote, kwa kuwa kisikizi kinaweza kutoa hezi 20 kwa sauti isiyosikika na bado kikaandikiwa hivyo. Inayofaa ni ile inayotaja pia kiasi cha kupanda na kushuka, mathalan desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 juu au chini. Sanduku nyingi hazina.

Nimenunua vya bei na besi hamna. Nimeuziwa bandia?

Huenda, lakini kwanza angalia vipira vya silikoni. Milio ya chini huhitaji tundu la sikio lizibwe sawasawa. Ukibaki upenyo mdogo tu, besi hutoroka na kinachobaki ni sauti nyembamba ya bati. Jaribu hivi: cheza wimbo wenye gitaa la besi unaoujua vizuri, kisha bonyeza kisikizi taratibu kwa kidole bila kukisukuma ndani. Besi ikijaa ghafla, basi tatizo ni kipira, kifaa kiko sawa.

Sandukuni huwa kuna saizi tatu. Masikio ya mtu mmoja si lazima yalingane, kwa hivyo usione ajabu kuvaa kipira kikubwa kulia na cha wastani kushoto. Wakati wa kuvaa, pitisha mkono wa upande wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma kidogo, ingiza kisikizi, kisha kizungushe kidogo kuelekea nyuma. Kikiwa kimekaa barabara, utasikia sauti yako mwenyewe ikivuma kichwani unaposema. Kipira kinachouma baada ya nusu saa ni kikubwa mno. Teremka saizi moja.

Tunalisisitiza hili kwa sababu ya afya. Asiyepata besi huongeza sauti ili aipate, na anapoongeza, milio ya kati na ya juu hupanda pamoja nayo. Hiyo ndiyo inayochoma.

Upande mmoja umefifia. Ni betri?

Mara nyingi ni nta ya sikio iliyoziba wavu. Vua vipira, vioshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, viache vikauke kabisa. Kisikizi chenyewe kishike wavu ukitazama chini ili uchafu udondoke, usugue kwa mswaki laini mkavu. Usitie pini, utatoboa wavu na kuisukuma nta hadi kwenye kispika. Usimimine spiriti wala maji ndani.

Mombasa kuna adui wa ziada: jasho na hewa ya chumvi. Zile nukta za madini za kuchajia hushika kutu ya kijani, na kisikizi kisipochaji vizuri hufa mapema upande mmoja. Zipanguse kwa pamba kavu kila wiki, wala usirudishe kisikizi chenye jasho ndani ya kasha. Alama ya IPX4 maana yake kinastahimili maji ya kurushiwa, na hupimwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Haikupi ruhusa ya kuingia navyo baharini Bamburi.

Muziki ni safi, lakini nikipiga simu sauti inakuwa kama ya kopo.

Hilo ni la Bluetooth. Maikrofoni inapofunguka, njia ileile hubeba sauti pande mbili, na ubora hushushwa. Kwa mtindo wa zamani milio ya juu hukatwa karibu na hezi 3,400, na s na f ndizo za kwanza kupotea. Usiongeze sauti, ongea kwa simu yenyewe.

Sauti kiasi gani, kwa muda gani?

Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Desibeli 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5, 92 ni saa mbili na nusu. Ukifika 101 umebakiwa na dakika zisizofika 20 kwa wiki nzima, na simu iliyofunguliwa hadi mwisho inaweza kupita hapo.

Chukua mtu wa Mtwapa anayefanya kazi mjini. Foleni ikiwa ya kawaida, saa moja kwenda na saa moja kurudi, siku tano: saa 10. Akisikiliza kwa desibeli 86 amemaliza fungu lake la wiki ndani ya matatu, kabla hajasikiliza chochote nyumbani. Akipandisha hadi 89 ili kuushinda muziki wa dereva, amelimaliza mara mbili.

Kama simu yako haionyeshi desibeli, tumia njia hii. Usiku, chumba kikiwa kimya, panga sauti hadi iwe ya kupendeza na hesabu vidaraja kutoka sifuri. Tuseme ni 6. Hicho ndicho kikomo chako, hata kwenye feri ya Likoni. Ikiwa hapo husikii, mahali hapo pana kelele mno kwa muziki.

Kwa nini ukali wote huu? Katika koklea, ile sehemu ya ndani iliyojikunja kama konokono, kuna seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000 tu kila upande. Zikifa, kwa binadamu hazioti tena. Tundu la sikio lenyewe hukuza milio ya karibu hezi 3,000, kwa hivyo kelele huanza kuharibu eneo la hezi 3,000 hadi 6,000, hasa 4,000. Eneo hilo ni la herufi zile hafifu.

Watoto wawekewe kikomo cha desibeli 75.

Vinavyozima kelele vinasaidia?

Vinasaidia sana, mradi ujue vinazima nini. Huzima mngurumo wa chini usiobadilika: injini, feni, jenereta. Honi na sauti za watu hupita, na hizo huzuiwa zaidi na kipira kilichokaa vizuri. Faida ni kwamba huhitaji kupandisha sauti. Ila barabarani, na hasa ukiwa juu ya bodaboda, vivue.

Masikio yananiwasha tangu nianze kuvivaa.

Joto na unyevu wa Pwani, pamoja na tundu lililozibwa mchana kutwa, ni shamba la kuvu. Dalili ni mwasho, sikio kujaa, na wakati mwingine uchafu wenye vidoa vyeupe au vyeusi. Acha visikizi, usichokonoe kwa vijiti vya pamba, usitie mafuta wala maji ya kitunguu saumu. Kiwambo cha sikio kikiwa kimetoboka, utayatia ndani kabisa. Muone mhudumu wa afya alitazame. Baada ya kuogelea au kuoga, inamisha kichwa kila upande, kausha nje kwa taulo, na usivae visikizi hadi pakauke. Na usiazimane visikizi, hata na ndugu.

Ni lini niende hospitali?

Sikio moja likizimika ghafla, hata bila maumivu, nenda siku hiyohiyo. Usingoje ukidhani ni nta, kwa kuwa dawa hufaa zaidi katika siku za mwanzo. Mlio sikioni unaoendelea zaidi ya siku mbili baada ya arusi au disko, usaha, kizunguzungu, au kuwaomba watu warudie maneno kila mara, hayo nayo yanataka kipimo. Kliniki ya masikio, pua na koo ipo Hospitali Kuu ya Pwani. Kipimo hakiumi: unavaa vipokea sauti na kubonyeza kitufe kila usikiapo mlio, kwa kawaida kati ya hezi 250 na 8,000. Kaa mbali na kelele kubwa siku nzima kabla ya kwenda, na beba orodha ya dawa zako, hasa kama umewahi kudungwa gentamaisini au kumeza kwinini, maana hizo pia hugusa usikivu.