Nembo uliyochorewa na akili unde: mambo ya kukagua kabla hujachapisha vifungashio

Maonesho ya Sabasaba yakikaribia, wajasiriamali wengi huwa katika pilikapilika za vifungashio, na siku hizi wanakuja na nembo ambazo hazikuchorwa na mtu. Mwenye biashara ameandika maelekezo mawili matatu kwenye simu, akili unde ikamletea picha nne, akachagua moja na kuipeleka kwa mchapishaji siku hiyo hiyo. Anapokuja kuomba usajili wa alama ya biashara, lebo zimeshatoka na unga umeshafungwa. Akipata barua ya kukataliwa ombi, swali lake huwa moja: mnaikataaje wakati kompyuta imeniundia mpya kabisa?

Niseme wazi tangu mwanzo: hakuna kifungu katika Sheria ya Alama za Biashara na Huduma, Sura 326, kinachomkataza mtu kutumia akili unde. Msajili haulizi kama nembo imechorwa kwa penseli, imetengenezwa steshenari au imetoka kwenye programu ya simu. Anaangalia kama alama hiyo inaweza kutofautisha bidhaa zako na za mwenzako, na kama haigongani na alama iliyosajiliwa au kuombwa kabla yako. Tatizo ni kwamba programu hizi, kwa jinsi zilivyoundwa, hazina habari na lolote kati ya hayo mawili.

Chukua kahawa. Ukiiambia programu ikuchoree nembo ya kahawa ya Kilimanjaro, itakuletea duara, ndani yake mlima wenye theluji kileleni, punje mbili chini, mvuke unapanda, na maandishi yamezunguka ukingoni. Mwenzako wa Moshi akiandika maneno hayo hayo atapata duara, mlima, punje na mvuke. Programu imefunzwa kwa mamilioni ya picha zilizokusanywa mtandaoni, na inakurudishia kile kinachojitokeza mara nyingi neno kahawa linapotajwa. OpenAI, kampuni yenye ChatGPT, imeeleza kwenye masharti yake kwamba matokeo yanaweza yasiwe ya kipekee na kwamba mtumiaji mwingine anaweza kupata yanayofanana nayo. Punje ya kahawa kwenye pakiti ya kahawa inaeleza kilichomo ndani, haimwambii mnunuzi ni kahawa ya nani. Mlima nao ni wa wote. Hata vitu hivyo vikiruhusiwa kubaki ndani ya nembo, unaweza kutakiwa ukubali kwa maandishi kwamba hudai haki ya peke yako juu yake. Kinachobaki kulindwa ni kile ulichoongeza wewe, na kwa nembo nyingi za aina hii hakuna kilichoongezwa.

Wapo wanaoamini kwamba kinachotoka kwenye mashine hakiwezi kuwa na cha mtu ndani yake. Mwezi Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Uingereza ilitoa hukumu katika shauri la Getty Images, kampuni ya kuuza picha, dhidi ya Stability AI, kampuni iliyounda programu ya kuchora ya Stable Diffusion. Ingawa sehemu kubwa ya madai haikufaulu, mahakama iliona kwamba matoleo ya awali ya programu hiyo yalizalisha baadhi ya picha zenye alama za Getty Images zenyewe, na kwamba katika matukio hayo machache haki ya alama ya biashara ilivunjwa. Hakuna mtumiaji aliyehitaji kuichora alama ile kwa mkono wake. Sasa fikiria anayeandika kwa makusudi, “nitengenezee kama ile ya kampuni fulani ya viatu, ila ibadilishe kidogo.” Huyo hajaunda alama. Ameagiza mfanano, na maelekezo aliyoandika yanaweza kumrudia kama ushahidi.

Jambo linalochosha kulieleza, na ambalo lazima niliseme tena, ni kuhusu jina. Watu wanaamini picha mpya inaliokoa jina la zamani. Mtoto anapotumwa kwa Mangi akalete unga hapewi picha, anapewa jina. Kwa hiyo alama hulinganishwa kwa namna inavyoonekana, inavyotamkwa na maana inayoibeba, tena kwa kumfikiria mnunuzi wa kawaida ambaye hana alama zote mbili mbele yake. Tuseme kuna unga uliosajiliwa kwa jina la Neema. Wewe ukaja na Neemah, na akili unde ikakuchorea gunzi zuri la mahindi linalong’aa. Gunzi hilo halibadilishi chochote. Tafuta jina kwanza, uchunguze kama liko wazi, kisha ndipo uhangaike na mchoro.

Na cheti cha jina la biashara chini ya Sheria ya Usajili wa Majina ya Biashara, Sura 213, si cheti cha alama. Hili tunalirudia kila mwaka.

Ikague picha yenyewe kwa macho mawili. Ukiomba nembo ya duka la dawa au zahanati, programu nyingi zitakuletea msalaba mwekundu. Msalaba huo unalindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949 na hauruhusiwi kuwa nembo ya biashara ya mtu. Ukisema unataka nembo ya Kitanzania unaweza kuletewa bendera, ngao ya taifa au mwenge, navyo si vya kusajiliwa na mtu binafsi. Tazama pia kona za picha. Mara nyingi pembeni mwa jina kunakuwa na kialama kidogo cha ®, kwa kuwa picha zilizoifunza programu zilikuwa nacho. Kialama hicho kinamwambia mnunuzi kwamba alama imesajiliwa, na ukikichapisha bila cheti unaudanganya umma. Ukiagiza lebo nzima utaona msimbopau (barcode) uliochorwa tu, ambao hakuna mashine ya dukani itakayousoma. Namba halali zinazotolewa hapa nchini huanza na 620, na hutolewa na GS1 Tanzania, shirika la misimbopau. Alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) nayo hutolewa kwa leseni ya TBS. Haiwekwi ili kupendezesha pakiti.

Kuhusu nani mwenye nembo, tofautisha haki mbili. Sheria ya Hakimiliki, Sura 218, inamtazama mtunzi kuwa ni mtu aliyeibuni kazi. Nchini Marekani, Machi 2025, mahakama ya rufaa katika shauri la Thaler dhidi ya Perlmutter ilithibitisha kwamba picha ambayo mtunzi wake ametajwa kuwa ni mashine haipati hakimiliki. Hukumu hiyo haitufungi sisi, lakini inaonesha mahali unaposimama ukitegemea hakimiliki pekee kwa picha ambayo hukuigusa. Haki ya alama ya biashara haipiti njia hiyo, kwa sababu inatokana na usajili, wala haidai mkono wa mchoraji. Kwa mwenye nembo ya akili unde, usajili ndio ngao ya kutegemea.

Soma pia masharti ya programu uliyotumia. Canva, programu ya kusanifu picha mtandaoni, kwa mfano, imeeleza kwamba nembo iliyojengwa juu ya violezo na michoro yake ya akiba haifai kusajiliwa kama alama ya biashara, kwa kuwa michoro hiyo ni ya watumiaji wote. Ushauri wangu ni kutumia akili unde kwa kutafuta mawazo, kisha kumpelekea mbunifu wa picha achore upya kwa namna inayoweza kukuzwa hadi kwenye bango bila kuharibika na kupunguzwa hadi kwenye kifuniko cha chupa. Mlipe, na muandikishane kwamba haki zote zimehamia kwako. Hifadhi maelekezo uliyoandika, michoro ya awali na tarehe zake.

Usajili kwa Tanzania Bara unafanyika kwa njia ya mtandao kupitia mfumo wa BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni. Utahitaji namba ya kitambulisho cha taifa kufungua akaunti. Chagua daraja la bidhaa au huduma kwa uangalifu, kwani yapo 45: 34 ya bidhaa na 11 ya huduma. Unga, kahawa, chai na viungo viko daraja la 30. Mafuta ya kula yako la 29, sabuni na vipodozi la 3, maji na juisi la 32, nguo la 25, migahawa la 43. Kila daraja lina ombi lake na ada yake, na malipo hufanywa kwa kumbukumbu namba inayotolewa na mfumo. Ikiwa rangi si sehemu ya utambulisho wako, wasilisha mchoro mweusi na mweupe, maana alama isiyofungwa kwa rangi inalindwa katika rangi zote. Ombi likichunguzwa na kukubaliwa hutangazwa kwenye jarida, na kwa siku 60 mtu yeyote anaweza kuweka pingamizi. Cheti hudumu miaka 7 kwa mara ya kwanza, kisha huhuishwa kila baada ya miaka 10. Alama isiyotumika kwa miaka 3 mfululizo inaweza kuombewa kufutwa.

Anayetumia alama ya mwenzake anaweza kuzuiwa na mahakama, kutakiwa kulipa fidia au kukabidhi faida aliyopata, na bidhaa zake kuharibiwa. Kwa bidhaa bandia, Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kuzikamata. Kusema kwamba mashine ndiyo iliyochora hakumwondolei muuzaji wajibu, kwa sababu mashine haikuuza kitu.

Cheti cha Bara hakifiki Zanzibar, ambako usajili hufanywa na BPRA, wakala wa usajili wa biashara na mali wa huko, wala hakifiki Kenya, ambako utakwenda KIPI, taasisi ya mali za viwandani ya nchi hiyo. Anayepeleka mzigo Nairobi au Unguja apange gharama hizo mapema.

Kwa waliokwisha kuchapisha: simamisha oda inayofuata, fanya uchunguzi wa jina katika daraja lako, na usisubiri mzigo uishe ndipo uombe, maana tarehe ya kuwasilisha ombi ndiyo inayohesabiwa pale wawili wanapogombea alama moja. Jina likiwa salama na mchoro ndio wenye utata, omba jina peke yake kama alama ya maneno, halafu mchoro mpya uuwekee ombi lake. Usipeleke mchoro wa muda ukitegemea kuubadilisha baadaye, kwani ombi likishapokelewa hairuhusiwi kuubadilisha kwa kiasi cha kuugeuza utambulisho wa alama.