Enamu za Python: mwanachama si jina la utani la namba

Moduli ya `enum`, ya kuundia enamu (klasi yenye seti maalumu ya majina, kila jina likiwa mwanachama mwenye thamani yake), imo ndani ya Python tangu toleo la 3.4 la mwaka 2014, lakini wengi bado wanaichukulia kuwa orodha ya namba zilizopewa majina. Makosa mengi huanzia hapo, kwenye dhana potofu kama hizi nne. Tuchukue oda za duka:

```python
from enum import Enum

class Hali(Enum):
    INASUBIRI = 0
    IMELIPWA = 1
    IMEFUTWA = 2
```

Dhana: `Hali.IMELIPWA` ni sawasawa na 1.

Jaribu `Hali.IMELIPWA == 1`; utapata `False`. Mwanachama wa enamu ni kitu kamili, kina jina lake (`.name`) na thamani yake (`.value`). Ukisoma 1 kutoka kwenye hifadhidata, igeuze kwanza kwa `Hali(1)`. Ikija 7, Python inaikataa palepale kwa `ValueError`, na kwangu ulinzi huo pekee unatosha kuwa sababu ya kutumia enamu. Inayolingana na namba ni `IntEnum`. Iache kwa mifumo ya zamani inayodai namba.

Dhana: INASUBIRI ni 0, kwa hiyo `if oda.hali:` itairuka.

Haitairuka. Katika `Enum` ya kawaida kila mwanachama huhesabiwa kuwa kweli, hata thamani yake ikiwa 0. Hili ndilo kosa ninaloliogopa zaidi, maana halitoi ujumbe wowote: oda isiyolipiwa inapita, mzigo unatoka stoo, na programu inaendelea kana kwamba mambo ni shwari. Ukibadilisha klasi iwe `IntEnum`, 0 ileile inageuka kuwa si kweli. Usitegemee bahati, andika waziwazi:

```python
if oda.hali is Hali.IMELIPWA:
    toa_mzigo(oda)
```

`is` inafaa hapa kwa sababu kila mwanachama huundwa mara moja tu.

Dhana: thamani mbili zikifanana, Python italalamika.

Itanyamaza. Ongeza `IMERUDISHWA = 2`, na jina hilo litakuwa jina la pili la IMEFUTWA. Ukilichapisha utaona `Hali.IMEFUTWA`, na ukizungusha `for` juu ya klasi hutalikuta kabisa. Weka `@unique` juu ya klasi ili kosa lijitokeze mapema.

Dhana: JSON (muundo wa maandishi wa kubadilishana data) itaielewa enamu yenyewe.

`json.dumps(Hali.IMELIPWA)` huishia kwenye `TypeError`. Tuma `.value`, au kama thamani zako ni maandishi, tumia `StrEnum` iliyokuja na Python 3.11.