Je, wajua kwa nini treni ya mwendokasi haiwezi kupita kwenye reli ya Mjerumani?

Kigoma na Tabora utalisikia swali hili mara kwa mara: reli tunayo tangu enzi za Mjerumani, ya nini kujenga nyingine kando yake? Si waje tu na kichwa kipya cha umeme, tupande?

Shida kubwa ni kona. Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kazi ilikuwa ya mikono, kwa hiyo penye kilima njia ilizunguka, penye bonde ikalifuata. Kwa treni za wakati ule haikuwa neno. Lakini mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inayolisukuma behewa nje ya kona huongezeka mara nne. Toka kilomita 40 kwa saa hadi 160, mwendo wa SGR (hiyo reli mpya ya treni za umeme), ni mara 16! Inabidi kona zinyooshwe, na ukishazinyoosha umeshajenga reli nyingine.

Halafu upana. Reli ya zamani ni mita 1 kamili, SGR ni milimita 1,435. Magurudumu ya huku hayakai kule. Wajapani nao reli zao za kawaida ni za milimita 1,067, ndiyo maana Shinkansen, treni yao ya mwendokasi, ilijengewa njia yake ya 1,435. Ilifunguliwa Oktoba 1964 kati ya Tokyo na Osaka, ikikimbia kilomita 210 kwa saa. (Kimataifa, njia mpya huhesabiwa ya mwendokasi ikifikia 250. Hii yetu tunaiita hivyo kwa mapenzi.)

Aliyepanda treni ya Kigoma anaujua ule mlio wa ka-tak, ka-tak. Ni gurudumu linaruka mwanya kati ya vipande vya reli, ulioachwa makusudi kwa kuwa chuma hutanuka: mita 100 huongezeka sentimita 1.2 joto likipanda nyuzi 10. Kwenye SGR vipande vimechomelewa, na mataruma ya zege (mihimili inayolaliwa na reli) yaliyoshindiliwa kokoto ndiyo yanayoikaba reli isijipinde juani.

Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506 pamoja na njia za kupishania, ulisainiwa Desemba 2022. Wafugaji wa Urambo na Kaliua wajue mapema kwamba SGR huzungushiwa uzio, ng'ombe wakapitishwa kwenye vivuko. Treni ya kilomita 160 ikifunga breki za kawaida, husimama baada ya zaidi ya kilomita nzima.