Hodi isiyoitikiwa: dhana potofu kuhusu vipimo vya tezi ya shingo

Alikuja kwenye zahanati yetu Likoni mwezi wa Januari, kaskazi imekaza, sote twajipepea kwa makaratasi. Yeye kajitanda leso mbili, na chini ya leso kavaa sweta. Majibu ya maabara kayakunja mara nne: TSH 38, T4 chini. "Daktari, jirani kaniambia namba ikipanda hivi tezi yaenda mbio," alisema. "Sasa mbona mimi kila siku ni baridi na usingizi?"

Dhana hiyo naisikia kuliko zote. Ukweli ni kwamba homoni ya TSH haitoki kwenye tezi ya shingo (thairoidi). Inatoka kwenye pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiamsha ile ya shingoni. Fikiria mtu yuko mlangoni anapiga hodi. Akiitikiwa "karibu", anatulia. Nyumba ikiwa kimya, anagonga tena kwa nguvu zaidi. TSH ndiyo hodi. T4, homoni ambayo tezi ya shingo hutoa ili mwili upate joto na nguvu, ndiyo "karibu". Hodi kubwa na jibu dogo maana yake tezi imezorota. Hodi ikififia kabisa na T4 iko juu, hapo ndipo tezi inapokwenda mbio, au mgonjwa anakunywa dawa kupita kipimo chake.

Anayepiga hodi naye huweza kuugua. Mama aliyevuja damu nyingi mno alipojifungua, maziwa yasitoke na hedhi isirudi, huenda pituitari yake imeumia. TSH yake yaweza kusomeka ya kawaida ilhali T4 iko chini, na ukitazama TSH peke yake utamrudisha nyumbani mgonjwa. Huyo apelekwe kwa daktari wa homoni kwanza. Homoni ya kotisoli, inayousaidia mwili kuhimili maradhi na ambayo nayo huitegemea pituitari, inaweza kuwa imepungua, na dawa ya tezi ikitangulia inaweza kumwangusha vibaya.

Wagonjwa wengine huniambia, "Lakini shingo yangu haijavimba." Hapa neno lenyewe linatupoteza. Ukisema tezi, mmoja anafikiria uvimbe wa shingo, mwanamume anafikiria tezi dume na kuingiwa na hofu. Tezi ya shingo inaweza kuzorota na shingo isionyeshe chochote. Mahali ambapo watu wanapata iodini ya kutosha, yaani madini ambayo tezi hutengenezea homoni yake, sababu kubwa ni ugonjwa wa Hashimoto, uliopewa jina la daktari Mjapani Hakaru Hashimoto aliyeueleza mwaka 1912: kinga ya mwili inaishambulia tezi yake yenyewe, polepole, kwa miaka.

Wengine husema sisi wa pwani tunakula samaki na chumvi ya bahari, kwa hiyo haitupati. Chumvi inavunwa hapo Gongoni na Marereni, ni kweli, lakini maji ya bahari yakikauka iodini inayobaki ni kidogo. Ile ya kwenye pakiti imetiwa kiwandani. Na Hashimoto haitibiki kwa iodini. Matone au vidonge vya iodini vinaweza hata kuizidisha.

Dhana inayoniumiza zaidi ni hii: namba imepita mstari, basi dawa maisha. Maabara nyingi huweka TSH ya kawaida kati ya 0.4 na 4 hivi, ingawa kila maabara ina mipaka yake iliyochapwa pembeni, na hiyo ndiyo ya kusoma. Mtu akija na TSH 6.8 na T4 ya kawaida, simwandikii dawa siku hiyo. Pengine ametoka kuugua sana na mwili ndio unajirudi. Pengine ana umri wa miaka 75, na uzee peke yake huipandisha TSH kidogo. Narudia kipimo baada ya miezi 2 au 3, na mara nyingi namba inakuwa imeshuka yenyewe. Ikizidi 10 na kubaki huko, kwa kawaida dawa inaanzwa. Kati ya hapo tunaangalia dalili, umri, moyo, na kama anatafuta mtoto. Pia nauliza kama anameza vidonge vya nywele na kucha: biotini, vitamini iliyomo, inaweza kuvuruga vipimo, kwa hiyo aviache angalau siku 2 kabla ya kutolewa damu.

Yule mama wa leso mbili tulimwanzishia levothairoksini, yaani tembe za homoni ya T4. Baada ya wiki 8, TSH 21. Ingekuwa rahisi kumwongezea dozi. Nikamwambia, "Mamangu, hebu nionyeshe unavyoinywa." Akakunja kiganja kama ameshika kikombe: chai ya maziwa, mahamri, mbaazi, na tembe katikati ya matonge. Hapo ndipo dozi ilipokuwa ikipotelea. Dawa hii inataka tumbo tupu na maji matupu, kisha nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai au kahawa. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu vikae mbali nayo kwa muda wa saa 4. Hatukugusa dozi. Kipimo kilichofuata, TSH ilikuwa 3.1.

Mwezi wa Ramadhani hauna haja ya kumvunjia mtu dawa. Anaweza kuinywa usiku anapolala, ikiwa zimepita saa 3 baada ya chakula, au aamke mapema kabla ya daku.

Na wapo wanaoacha dawa wakipata nafuu, kisha wanaimeza siku tatu nne kabla ya kliniki. Karatasi huwasema: T4 nzuri, TSH bado juu. Dawa hukaa mwilini muda mrefu, nusu yake huondoka kwa siku 7 hivi, na TSH huchukua wiki 6 hadi 8 kutulia. Ndiyo maana kupima kila wiki hakuna faida.

Kubwa kuliko yote ni mimba. Dada anayetumia dawa hii akishika mimba huambiwa na watu aiache asimdhuru mtoto. Kumbe ni kinyume. Mtoto wa tumboni, miezi ya mwanzo, anategemea homoni ya mamake kwa ukuaji wa ubongo, na mahitaji ya mama hupanda kwa takriban robo au zaidi. Kwa kawaida tunamwongezea tembe 2 kwa wiki juu ya zile 7, kisha tunapima kila wiki 4 hadi katikati ya mimba. Asingoje kliniki ya wajawazito ya mwezi wa nne; aje wiki ileile kipimo cha mimba kinapoonyesha mistari miwili.