Pochi ya Ngozi: Anza Kuitazama Ukingoni

Anayenunua pochi ya ngozi kwa kawaida huipapasa, huikunja mara mbili tatu, kisha huipeleka puani. Si vibaya, ila huo ni ushahidi dhaifu. Uso ndiyo sehemu rahisi kuigiza, na harufu ya ngozi siku hizi huuzwa chupani na kupuliziwa hata kwenye plastiki. Pochi ikiletwa maabara ili tuipime, mahali pa kwanza tunapopeleka lenzi ni ukingoni: ule upande mwembamba ulipopita wembe, hasa ndani kabisa ya vifuko vya kadi, ambako mtengenezaji hakutegemea mtu achungulie.

Ngozi ya kweli iliyokatwa huonyesha nyuzinyuzi zilizosokotana bila mpangilio, zimebanana sana upande wa juu na kulegea kadiri unavyoshuka. Ngozi ya bandia huonyesha matabaka: utando wa plastiki juu, chini yake sponji nyembamba au kitambaa, na ukiangalia vizuri utaziona nyuzi za kitambaa zikipishana kwa mistari iliyonyooka. Kuna pia ya aina ya tatu, ambayo ndiyo inayowachanganya wengi. Mabaki ya ngozi husagwa, huchanganywa na gundi, hutandazwa kuwa shiti, kisha hufunikwa kwa plastiki yenye michoro mizuri. Ukingo wake hauna nyuzi ndefu. Ukiukwangua kwa ukucha, unatoka vumbi na vipande vifupi. Kiwango cha kimataifa cha ISO 15115 hakiruhusu shiti ya namna hiyo kuitwa ngozi. Kiwango hicho hicho kinataka utando wowote uliopakwa juu ya ngozi usizidi wastani wa milimita 0.15.

Ikiwa kingo zote zimepakwa rangi au zimekunjwa kwa ndani, tafuta mahali pengine palipo wazi, kwa mfano nyuma ya zipu au sehemu ya noti chini ya bitana. Pochi isiyo na hata ukingo mmoja wa kuonekana si lazima iwe mbaya, lakini muuzaji wake ana maswali ya kujibu.

Mapimo mawili ya mtaani yanapotosha. La kwanza ni tone la maji: eti likinyweka, ni ngozi. Ngozi nyingi nzuri zimepakwa rangi nzito isiyopitisha maji upesi, na ngozi ya kusagwa ikiwa na ufa juu hunywa maji bila taabu. La pili ni kiberiti. Ni kweli ngozi ikiungua hutoa harufu ya nywele zilizoungua, kwa kuwa zote ni protini. Lakini ngozi ya kusagwa nayo ina nyuzi za ngozi, hivyo hutoa harufu ile ile, na wewe umeshaunguza pochi ya watu.

Bonyeza kwa kidole gumba badala yake. Ngozi isiyosuguliwa hukunjana kwa mikunjo midogo isiyolingana kuzunguka kidole, kisha hurudi taratibu. Matundu ya vinyweleo hayajipangi sawasawa, na penye kovu la mwiba au kupe pataonekana. Kovu la namna hiyo lisikutishe. Kwangu mimi ni alama nzuri, kwa sababu linaonyesha kwamba tabaka la juu la ngozi, lenye nguvu kuliko yote, halikupigwa msasa ili kuficha kasoro. Ngozi ya ng'ombe ni nene mno kwa pochi, kwa hiyo kiwandani hupasuliwa kuwa matabaka. Kipande cha juu ndicho kigumu na chenye kudumu. Cha chini kina nyuzi zilizolegea. Kinafaa kwa kazi fulani, ila kikipakwa plastiki na kuuzwa kwa bei ya cha juu, mnunuzi amepunjwa. Chapa ya Kiingereza inayosema bidhaa ni ngozi halisi haikwambii umepewa kipande kipi.

Namna ngozi ilivyodabaghwa, yaani ilivyotiwa dawa ili isioze, nayo ina uzito wake. Sehemu kubwa ya ngozi duniani hudabaghwa kwa chumvi za kromu: hutoka laini, hustahimili maji na joto, na kabla ya kutiwa rangi huwa na ubuluu uliopauka ambao wakati mwingine bado unaonekana katikati ya ukingo. Ile inayodabaghwa kwa magome ya miti, kama mwati, huchukua muda mrefu zaidi, huwa ngumu kidogo mwanzoni, hupata doa la maji kwa urahisi, na rangi yake hukolea kadiri inavyoshikwa na kupigwa na mwanga. Ni suala la kupenda. Anayetaka pochi ibaki ilivyokuwa dukani achukue ya kromu. Kromu inayotumika kiwandani si ile yenye sumu kali, lakini kazi ikifanywa ovyo sehemu yake inaweza kugeuka kuwa hiyo kali, iitwayo kromu ya sita, inayosababisha mzio wa ngozi ya mwili. Ndiyo maana tangu Mei 2015 Umoja wa Ulaya umeweka ukomo wa miligramu 3 za kromu hiyo kwa kila kilo ya bidhaa ya ngozi inayogusa mwili. Ukiona vipele mkononi au pajani mahali pochi inapokaa, acha kuitumia na umwone daktari.

Baada ya ngozi, tazama ushonaji, na hapa usiwe na haraka. Pochi nyingi tunazoletewa zimeharibika ngozi ikiwa bado nzima: uzi umekatika, bitana imechanika au gundi imeachia. Mishono iwe na umbali ulio sawa. Iliyosongamana mno ni hatari vilevile, kwa sababu matundu ya sindano yaliyokaribiana huifanya ngozi ichanike kwenye mstari mithili ya stempu. Uzi wa poliesta au nailoni hudumu kuliko wa pamba, ambao huoza kwa jasho. Pembeni, na mdomoni mwa kila kifuko, mshono uwe umerudiwa, maana hapo ndipo kadi inapovuta kila siku. Ngozi ya nje yenye unene wa takriban milimita 1 inatosha. Ya vifuko iwe nyembamba zaidi, la sivyo pochi itavimba kabla hujaweka kitu.

Nenda na kadi yako. Kadi za benki zina kipimo kimoja duniani kote, milimita 85.6 kwa 54 na unene wa milimita 0.76, hivyo hakuna kisingizio cha kifuko kutotosha. Kifuko kipya kinapaswa kuibana kadi kidogo, kwa sababu ngozi hutanuka na haina tabia ya kurudi. Ukisukumia kadi mbili kwenye kifuko cha moja kwa miezi kadhaa, siku ukibakiza moja itakuponyoka. Fungua na kufunga zipu mara kumi, ukiisikiliza inapopita kwenye kona. Kifungo cha sumaku hakidhuru chipu ya kadi ya benki, ila kinaweza kufuta ule mstari wa sumaku kwenye kadi za milango ya hoteli.

Utunzaji wenyewe hauna mengi. Kinachoua pochi zaidi ni kuijaza na kuikalia. Risiti, funguo na sarafu huisukuma ngozi kutoka ndani mpaka mshono ukakata tamaa, na mfuko wa nyuma wa suruali huongeza uzito wa mwili, joto na jasho. Hata mgongo hauipendi: madaktari wameeleza visa vya maumivu ya nyonga na mguu kwa watu wanaokalia pochi nene saa nyingi. Hamishia mfuko wa mbele.

Kuisafisha, tumia kitambaa kikavu, na uchafu ukigoma, kitambaa kilicholoweshwa kidogo na kukamuliwa sana. Sabuni ya kufulia iache. Ngozi ina asidi kidogo, na sabuni hiyo ina alkali inayoondoa mafuta yake na kuikausha. Vitakasa mikono vyenye spiriti huyeyusha rangi ya juu, kwa hiyo subiri viganja vikauke ndipo ushike pochi.

Ikilowa chapachapa, toa kila kitu, ikandamize kwa taulo bila kuikamua, ijaze karatasi nyeupe (gazeti huacha wino), kisha iache kivulini penye hewa. Usiianike juani wala kuisogeza karibu na jiko. Ngozi iliyolowa huanza kusinyaa ikifikia joto fulani: iliyodabaghwa kwa magome kwa kawaida ni kati ya nyuzi joto 70 na 85, ya kromu ni karibu 100. Ikisinyaa hivyo hairudi tena, na hakuna mafuta yatakayoilainisha.

Mafuta ni mara mbili au tatu kwa mwaka, kidogo sana, kwa kitambaa, baada ya kujaribu mahali pasipoonekana, kwani hubadilisha rangi. Krimu ya ngozi au mchanganyiko wenye nta ya nyuki unafaa. Mafuta ya kupikia huchacha na kunuka. Mafuta ya kujipaka ya mgando hubaki juu yakikusanya vumbi. Kiwi ya rangi itahamia kwenye nguo. Kama uso umefunikwa kwa utando wa plastiki, futa tu, kwa kuwa mafuta hayana pa kuingilia. Na pochi ya poliurethani, plastiki inayotumika kwenye ngozi ya bandia, ikianza kubanduka magamba, usihangaike nayo. Unyevu wa hewa huivunjavunja hata ikiwa imelala kabatini.

Pochi unayoihifadhi weka kwenye mfuko wa kitambaa, si wa nailoni, kwa sababu hewa yenye unyevu ikifungiwa humo kuvu hupata makazi. Kuvu ikishaota, ipanguse nje ya nyumba kwa brashi kavu.

Uzi ukikatika sehemu moja, mpelekee fundi mapema kabla mshono haujafumuka wote. Mwambie apitishe sindano kwenye matundu yale yale ya zamani, maana kila tundu jipya hupunguza nguvu ya ngozi, na atumie gundi inayobaki laini ikikauka. Gundi ya papo hapo hugeuka kitu kigumu kisichokunjika, na pochi itapasuka pembeni yake.